Samadi Ina Mwenyewe

Gunia la kilo 50 la mbolea ya DAP lina kilo 9 za naitrojeni na takriban kilo 10 za fosforasi. Linafungwa nyuma ya bodaboda pale Ahero, kaunti ya Kisumu, na kabla ya saa sita liko shambani. Anayetaka kuipata naitrojeni hiyo katika samadi ya ng'ombe wa kienyeji ana kazi ndefu zaidi. Samadi iliyokaa zizini ikichomwa na jua na kunyeshewa mvua mara nyingi huwa na asilimia moja tu ya naitrojeni, kwa hiyo zinahitajika kilo 900 za samadi kavu. Kwa fosforasi hesabu hupanda hadi tani tano hivi. Ng'ombe wa kilo 250 hutoa kama kilo mbili za kinyesi kikavu kwa siku, na nusu yake hudondoka malishoni na njiani. Humwachia mwenyewe kilo 350 au zaidi kidogo zizini kwa mwaka mzima. Ushauri wa kawaida ni walau tani mbili kwa ekari, na tani mbili ni kazi ya ng'ombe watano au sita.

Hesabu hii haisikiki sana kwenye semina za kilimo mjini Kisumu. Huko husemwa kwamba wakulima wa ukanda wa Ziwa Victoria hawatumii samadi ipasavyo kwa sababu hawajaelimishwa. Nimeisikia kauli hiyo kwa miaka mingi na siikubali. Wakulima wa Kano, Seme na Nyakach wanaijua samadi kuliko wengi wanaotumwa kuwafundisha. Mahali palipokuwa boma zamani, Wajaluo hupaita gunda, na kijiji kizima kinajua kwamba mahindi ya gunda hushika kijani kingine, kwa sababu ng'ombe wa babu walilala pale miaka na miaka na majivu ya jikoni yakamwagwa papo hapo. Ujuzi upo. Kinachokwaza ni mali: ng'ombe ni wa nani, mgongo unaobeba ni wa nani, na shamba lenyewe litakuwa mikononi mwa nani msimu ujao.

Katika boma la Kijaluo, ng'ombe kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mwanamume, hata pale anayemnywesha na kufagia zizi ni mke au mtoto. Ng'ombe ni mahari, ni karo ya shule, ni akiba ya siku ya ugonjwa, na ni nyama ya matanga. Kazi ya kutoa mbolea inakuja mwisho kabisa katika orodha hiyo. Mwenye ng'ombe anapoamua kumuuza au kumchinja, hakuna anayekaa kuuliza mahindi ya msimu ujao yatakula nini. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, UKIMWI ulipokuwa ukiua watu kwa wingi Nyanza, maboma mengi yalipoteza watu na mifugo kwa pamoja. Ng'ombe mmoja aliuzwa kwa ajili ya dawa, wa pili akachinjwa mazishini, wa tatu akaenda kulipa deni. Ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, nayo haijaacha kuvuna ndama. Leo boma la ng'ombe wawili ni la kawaida kabisa, na boma lisilo na hata mmoja halimshangazi mtu.

Tena kinyesi chenyewe kina kazi nyingine. Mwanamke anayesiriba nyumba na sakafu anakihitaji. Mwenye mtambo wa gesi anakihitaji, ingawa huyu hurudishiwa tope lenye virutubisho vingi, na hiyo ni faida ambayo haijasemwa vya kutosha. Asiye na ng'ombe huomba kwa jirani au shemeji, naye hupewa kilichobaki baada ya shamba la mwenyewe kushiba. Maana yake ni kwamba, mvua za masika zinapofika, yeye yuko mwisho wa foleni.

Ndiyo maana nautazama kwa matumaini mwelekeo wa mifugo midogo. Katika vijiji vya Nyando, mradi wa utafiti wa kilimo na tabianchi uliofika huko mwaka 2011 uliwapa wakulima mbuzi aina ya Galla na kondoo wekundu wa Kimaasai, kwa lengo hasa la kustahimili ukame na kupata soko. Mimi naona jambo la pili ndani yake. Mbuzi na kuku ndio mifugo ambayo mwanamke wa kijijini anaweza kuiita yake bila kuulizwa maswali mengi, na samadi ya mbuzi au kuku kwa kawaida ina virutubisho vingi kuliko ya ng'ombe anayekula nyasi kavu. Mwanamke mwenye mbuzi sita waliofungiwa bandani, chini ya paa, ana mbolea isiyoombwa kwa mtu.

Tuje kwenye kubeba. Tani mbili ni kilo 2,000. Karai likijazwa vizuri hubeba kilo 25. Hizo ni safari 80 kwa ekari, na shamba likiwa nusu kilomita kutoka zizini, mbebaji atakuwa ametembea kilomita 80, karibu sawa na kutoka Kisumu hadi Kericho, nusu ya mwendo huo akiwa na mzigo kichwani. Kazi yenyewe huangukia Januari na Februari, kabla ya chwiri, yaani mvua za masika, katika miezi ile ile ambayo visima na vijito vimekauka na maji yanafuatwa mbali. Mbebaji wa samadi na mbebaji wa maji ni mtu mmoja. Mume yuko ziwani, au kwenye bodaboda, au Nairobi. Vijana wako kwenye machimbo ya mchanga au wanatafuta kibarua mjini.

Kwa hiyo samadi huishia karibu na nyumba. Pablo Tittonell na wenzake, ambao walianza kuchapisha matokeo yao kuhusu mashamba ya magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 2000, walipima jambo hili kwa makini: udongo wa karibu na boma ni tajiri, na unazidi kufifia kadiri unavyokwenda mbali, ndani ya shamba la familia moja. Shamba la mbali ndilo linaloota kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, kwa kuwa kayongo hustawi penye udongo uliochoka. Ukiuliza kwa nini shamba la mbali halina samadi, usitafute jibu kichwani mwa mkulima. Litafute shingoni mwa mkewe.

Toroli moja la chuma hubeba karai tatu. Mkokoteni wa punda hubeba mara nyingi zaidi. Sijaona mafunzo yoyote ya samadi yaliyobadili kijiji kama punda alivyokibadili, na bado bajeti nyingi za kilimo huwa na fungu la semina lakini hazina fungu la magurudumu.

Ardhi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo ambayo wataalamu wa udongo huikwepa. DAP hutoa faida yake kubwa katika msimu ule ule inapowekwa. Samadi hutoa sehemu ya naitrojeni yake msimu wa kwanza, na iliyobaki polepole katika misimu inayofuata, huku mboji ikizidi kujengeka ardhini. Anayeweka samadi leo anamkopesha mtu atakayelima mwakani na mwaka wa baada yake. Kama mtu huyo ni yeye mwenyewe, ni uwekezaji mzuri. Kama hajui atakuwa nani, ni hasara iliyo wazi.

Wapo wengi wasiojua. Kijana anayekodi robo ekari kando ya ziwa kwa msimu mmoja, akipanda nyanya kwa pampu ya maji, anajua kwamba shamba likinawiri mwenyewe anaweza kulitaka lirudi, au kupandisha kodi. Mjane anayelima kipande cha marehemu mumewe, ambacho hati yake bado iko kwa jina la baba mkwe aliyefariki zamani, anajua kwamba shemeji mmoja akitoka mjini na shida zake mambo yanaweza kubadilika. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 iliongeza ulinzi wake. Lakini kesi ya mirathi ina gharama, inahitaji barua ya chifu na safari za mahakamani, na mwanamke mwenye watoto wanne hawezi kuacha palizi ili aifuatilie. Anafanya jambo la busara: anaweka mbolea kidogo ya dukani, inayolipa msimu huo huo, au haweki chochote.

Iko pia mila ya kupanda kwa zamu, golo kodhi, ambapo katika maboma yanayoishika mbegu ya kwanza hutupwa na wakubwa kabla ya wake wadogo na wana. Siitaji ili kuilaumu. Imewafundisha watu wengi heshima na utaratibu. Lakini ratiba ya kazi hupangwa kuizunguka: aliye chini hufikiwa na zamu yake mvua ikiwa imekwisha kuanza, na samadi iliyopaswa kuchanganywa na udongo mapema humwagwa mbio mbio juu ya matuta. Afisa wa kilimo anayekuja na kalenda ya upanzi bila kujua zamu ya boma anazungumza na mtu mmoja huku uamuzi uko kwa mwingine.

Na baada ya mavuno mashamba hufunguka kwa mifugo ya wote. Ng'ombe wa jirani hula mabua, halafu hurudi kulala kwao na kinyesi chao. Rutuba hutoka kwa asiye na mifugo kwenda kwa mwenye nayo, kila mwaka, bila mtu yeyote kuiba chochote. Nadhani hili ndilo jambo linaloongeza pengo la utajiri wa udongo kijijini kuliko tunavyotaka kukiri, na sijui mpango wowote wa serikali unaolishughulikia moja kwa moja.

Kisumu na Siaya si wageni wa majaribio. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha kilimo-mseto cha ICRAF, pamoja na taasisi za Kenya za utafiti wa misitu (KEFRI) na wa kilimo (KARI), waliweka kambi Maseno, wakatafuta njia za kurudisha rutuba bila fedha nyingi. Mmea mmoja ulioibuka ni tithonia, ule wenye maua ya manjano na majani machungu unaoota mipakani mwa mashamba kote magharibi. Majani yake makavu yana karibu asilimia 3.5 ya naitrojeni, yaani mara tatu au zaidi ya samadi duni. Kisayansi hakuna lawama. Lakini mwenye mahindi alihitaji kukata na kusafirisha majani mabichi kwa matani, na thamani ya mahindi haikulipa vibarua. Watafiti wenyewe waliona kwamba tithonia inalipa zaidi kwenye sukuma wiki na mboga nyingine zenye soko, katika vipande vidogo karibu na nyumba. Njia nyingine, ya kupumzisha shamba chini ya miti ya sesbania, iliuponya udongo kweli. Ila anayemiliki nusu ekari na kulisha watu saba hawezi kulipumzisha.

Somo hilo la mboga ndilo ninalolishika. Ukienda Kajulu, Chiga au kando ya maji kule Dunga na Nyalenda, utakuta samadi ya kuku ikinunuliwa kwa gunia na kusafirishwa kwa pikipiki. Wanunuzi hawakuhudhuria mafunzo zaidi ya ndugu zao wa Nyakach. Tofauti ni kwamba kitita cha sukuma wiki kinauzwa katika soko la Kibuye kila wiki, kwa pesa taslimu, na mara nyingi pesa hiyo inaingia mkononi mwa mwanamke aliyemwagilia. Mahindi huvunwa mara moja, yote kwa pamoja, bei ikiwa imeanguka. Mbolea ya asili hufuata pesa kama mbolea nyingine yoyote. Anayetaka samadi ifike kwenye mahindi ya Kano anapaswa kushughulika kwanza na bei ya mahindi ya Kano.

Teknolojia iliyoelewa mnyororo huu wa ng'ombe, samadi na shamba vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kusukuma na kuvuta iliyozaliwa Mbita, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chini ya Zeyaur Khan na wenzake pamoja na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza. Desmodiamu hupandwa katikati ya mahindi, nyasi za napia au brakiaria hupandwa pembezoni. Desmodiamu hufukuza nondo wa kiwavi cha bua, huifanya mbegu ya kayongo iote na kufa, na huongeza naitrojeni ardhini. Nyasi huvuta nondo. Wengi huitaja kama dawa ya wadudu. Mimi huiona kama shamba la lishe ya ng'ombe lililojificha ndani ya shamba la mahindi. Lishe ipo, ng'ombe anafungwa, kinyesi na mkojo havipotei njiani, na samadi inakuwa nzito kwa virutubisho. Hata hivyo, penye malisho huria baada ya mavuno, desmodiamu ya mwenye bidii huliwa na ng'ombe wa kila mtu. Tunarudi kwenye mipaka ya mali.

Serikali, kwa upande wake, imeweka nguvu zake kwenye gunia. Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopita shilingi 6,000, ruzuku ya kitaifa iliishusha hadi 3,500, na mwaka 2023 ikashuka tena hadi 2,500. Wakulima walisajiliwa na kupata ujumbe kwenye simu. Sipingi hatua hiyo; iliokoa misimu. Lakini mwaka 2024 ilipobainika kwamba baadhi ya magunia yaliyopitia maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao hayakuwa na virutubisho vilivyoandikwa juu yake, waliopanda nayo walipoteza kitu kisichorudishwa kwa fidia, yaani mvua ya mwaka ule. Mei mwaka huo huo viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kuhusu mbolea na afya ya udongo, wakaahidi kuongeza mara tatu uzalishaji na usambazaji wa mbolea zilizothibitishwa, za asili na za viwandani, ifikapo 2034. Neno "za asili" limo katika ahadi. Katika ujumbe wa simu wa mkulima wa Kisumu sijaliona.

Na hapa wachumi wana ushahidi ambao ungepaswa kubadili mpango mzima. Paswel Marenya na Christopher Barrett walichunguza mashamba ya mahindi magharibi mwa Kenya wakakuta kwamba katika theluthi moja hivi ya vipande walivyopima, udongo ulikuwa umechakaa kiasi kwamba mbolea ya viwandani haikumlipa mkulima kwa bei za wakati huo. Udongo usio na mboji hauishiki mbolea. Utafiti mwingine wa Vihiga, uliochapishwa 2007, ulionyesha kwamba matumizi ya samadi na ya mbolea ya dukani huathiriana ndani ya kaya ile ile. Ni maamuzi yanayofungamana. Kwa hiyo ruzuku ya gunia peke yake humfaidisha zaidi yule ambaye udongo wake tayari ni mzuri, yaani mwenye ng'ombe. Maskini anaipokea mbolea kwa bei ile ile na kuvuna kidogo.

Ningependa kuona vocha ya mkulima ikiwa na uhuru: anayetaka gunia la DAP achukue, anayetaka tani ya mboji iliyopimwa achukue, anayetaka kuchangia toroli au kukodi mkokoteni achukue. Ningependa chifu na wazee wa kijiji washuhudie mikataba ya kukodi shamba kwa misimu minne au sita, yenye sharti la kumfidia mpangaji aliyeweka samadi akiondolewa mapema. Karatasi moja yenye sahihi tatu ingefanya kazi ambayo semina kumi hazijafanya.

Yapo pia matani ambayo hayahitaji ng'ombe. Gugumaji limeziba ghuba ya Winam mara kwa mara tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na sehemu ya fosforasi inayolilisha ni udongo uliosombwa na mto Nyando kutoka kwenye mashamba haya haya. Kulirudisha shambani kama mboji ni wazo zuri, lakini zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, kwa hiyo lazima likaushwe ufukweni kabla ya kusafirishwa, la sivyo gharama huua kazi. Takataka za soko zina nafuu zaidi. Ndizi za Kisii, kabichi na viazi vya nyanda za juu hushushwa Kibuye kila siku, na maganda na majani yake kwa miaka mingi yaliishia kwenye jalala la Kachok, yakichanganywa na plastiki na betri mpaka yakawa hayafai kitu.

Tangu 2013 kilimo na usimamizi wa masoko na taka ni majukumu ya serikali ya kaunti, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri Nairobi. Kinachohitajika ni kutenganisha taka palepale kibandani, muuzaji wa ndizi akiwa na pipa lake, na kuiozesha mboji kwa joto la kutosha kuua mbegu za magugu. Kisha kila fungu lipimwe madini ya risasi na kadmiamu kabla halijafika kwenye sukuma wiki ya mtu, na karatasi ya vipimo ibandikwe kwenye gunia kwa Kiswahili na Dholuo. Malori yanayoshusha mazao mjini yalipwe mafuta ya kuipeleka mboji hiyo Nyakach na Seme, kuanzia Desemba, ili ifike kabla ya Februari.